Nilisawazisha kaburi kwa dozer nikidhani namtengenezea mama wa watu mahali pa kukaa

Wakuu, hamjambo huko mliko.

Mimi humu ni msomaji. Miaka mingi nasoma nyuzi za watu, nacheka peke yangu, nafunga simu. Leo nimeona niandike wangu. Haya yote yalinitokea mimi mwenyewe, na kama ningekuwa natunga ningejipa sehemu nzuri kuliko niliyonayo.

Naishi Kisumu, chumba kimoja pale Obunga. Ingawa kusema naishi ni kujisifu. Nguo zangu ndizo zinazoishi Obunga. Mimi nalala mahali mashine ilipo.

Kazi yangu ni operator wa dozer, tingatinga la minyororo. Tafadhali msifikirie hizi mashine mpya zenye AC na redio, ambazo kijana anakaa ndani na shati jeupe. Yangu ni ya zamani. Haina kebini, ina bati tu juu ya vyuma vinne. Rangi ya njano imebaki pale ambapo mkono haufiki. Nikishinda juu yake kutwa, jioni mikono inaendelea kutetemeka hata nikishika kikombe cha chai.

Mwenye mashine ni mzee mmoja Mhindi wa pale mjini, aliirithi kwa baba yake na anaipenda kuliko magari yake. Tunakodishwa pamoja, mimi na hiyo mashine. Tumeng'oa vichaka, tumechimba mabwawa ya ng'ombe kunywa maji, tumetengeneza matuta ya mashamba ya mpunga kule Ahero. Popote penye udongo unaohitaji kuhama, tunaitwa.

Kuna kitu lazima mkijue, maana ndicho kilichoniponza.

Stata ya hiyo mashine imechoka. Asubuhi kuiwasha ni vita: betri mbili, waya, maombi, halafu matusi. Ikishawaka huizimi mpaka jioni. Unaenda kula, inanguruma. Unaenda msalani, inanguruma. Operator wenzangu wa mashine za zamani mko humu, mnanielewa.

Kwa hiyo mtu akija kuniongelesha site, nampungia mkono. Naye ananipungia. Mazungumzo yameisha. Hivyo ndivyo nilivyoishi na binadamu kwa zaidi ya miaka ishirini.

Mke wangu alikuwa anaiita hiyo mashine nyieka, yaani mke mwenzangu. Mwanzoni tulicheka. Baadaye akawa analalamika kwamba hata nikiwa nyumbani napayuka, kana kwamba injini iko sebuleni. Na kweli nilikuwa napayuka, sikujua tu. Siku moja akachoka kupayukiwa, akarudi kwao. Sikumlaumu. Binti yetu ameolewa Nakuru, ananitumia picha za watoto wake, nami namjibu kwa kile kidole gumba.

Haya, tuingie kwenye kisa chenyewe.

Mwaka jana mzee mwenye mashine akanipigia, kuna kazi upande wa Asembo Bay. Jamaa mmoja anaitwa Ochieng', anafanya kazi ya ofisi Kisumu, anataka kufungua shamba nyuma ya boma la mama yake. Ekari tatu za kichaka. Nyabende tupu, ule mti wa miiba wenye harufu kali, na vichuguu vya mchwa vilivyonizidi urefu. Alitaka pawe tambarare apande vitunguu na kunyweshea kwa pampu kutoka ziwani.

Trela likatushusha asubuhi. Boma lilikuwa zuri, la zamani, limezungushiwa uzio wa ojuok, ule mmea unaotoa utomvu mweupe. Nyuma ya uzio ndiko kulikuwa na kichaka changu.

Sasa sikilizeni. Operator yeyote wa huku kwetu, kabla blade, lile bamba la chuma la mbele, haijagusa udongo, anauliza makaburi yako wapi. Sisi Wajaluo tunazikana nyumbani. Usipouliza utamfukua babu wa mtu kabla ya chai ya saa nne.

Nikauliza. Ochieng' akanionyesha mawili, yote ndani ya boma, yamewekwa vigae. La baba yake, na la mke mkubwa wa baba yake.

"Ni hayo tu?"

"Ni hiyo mbili tu, boss. Huku nyuma ni shamba, wewe piga kazi."

Nikaridhika.

Wale ambao si wa huku niwaeleze nilipokosea. Kwa desturi yetu ya zamani, binti aliyefariki kabla ya kuolewa hazikwi ndani ya boma la baba yake. Anazikwa nje ya uzio. Hajengewi, na baada ya muda hata jina lake watu wanaacha kulitaja.

Na mimi nalijua hilo. Msinipe kisingizio cha kutojua. Shangazi yangu mwenyewe kule Nyakach amelala nje ya uzio, na tukiwa watoto tulikuwa tunachunga mbuzi juu yake. Swali la pili lilikuwa linanisubiri mdomoni: na nje ya uzio, je? Sikuliuliza. Mashine ilikuwa imeshawaka na jua lilikuwa linapanda.

Siku mbili za kwanza zilikuwa kama zote. Nafanya kazi, nakula chapati baridi juu ya kiti cha mashine, jioni natembea mpaka senta nilikopanga chumba. Kwenye hoteli ya pale nikikaa meza moja na watu, wanahama polepole. Ni harufu ya dizeli, haitoki hata uoge na nini. Wanahama kwa adabu, mmoja anajifanya anaenda kunawa, harudi. Nimeshazoea. Ila kuzoea kitu si kwamba hakiumi.

Siku ya tatu akaja mama.

Nilimwona akitoka kwenye kijilango cha uzio, amejifunga leso mbili, amebeba kiti cha plastiki cha buluu kichwani. Mama yake Ochieng'. Mzee sana, nadhani alikuwa ameikaribia themanini. Alitembea mpaka ndani ya kichaka, hatua kama thelathini hivi kutoka uzioni, penye kimwinuko kidogo cha majani na jiwe bapa. Akaweka kiti, kikayumba kwa sababu pale palikuwa na mteremko, akakiwekea kijiwe chini ya mguu mmoja. Akakaa. Akanitazama.

Akakaa mpaka nilipozima jioni.

Kesho yake akaja tena. Keshokutwa tena. Jua kali anajifunika leso, upepo wa ziwa ukivuma anaishika leso isiruke, lakini haondoki. Na macho yako kwangu tu.

Wakuu, sijui niliandikeje hili msinicheke. Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Katika miaka yote ya kazi hii watu wamesimama kunitazama dakika tano, watoto wamepiga kelele, wakaenda zao. Hakuna aliyewahi kubeba kiti chake kutoka nyumbani ili akae na mimi.

Siku ya tano nilinyoa ndevu. Ndiyo. Nilinyoa ndevu kwa ajili ya bibi wa karibu miaka themanini aliyekaa mbali kiasi kwamba hata sura yangu hawezi kuiona vizuri.

Nikaanza kufanya kazi kwa madoido. Kichuguu ambacho ningekipiga vipande vitatu nikawa nakikata taratibu, safi, kama mtu anamenya viazi mbele ya wageni. Nikigeuza mashine namtafuta. Nikirudi nyuma namtafuta. Yupo.

Halafu nikaanza kumsimulia. Niko juu ya mashine, yeye yuko kule, injini inameza kila neno, mimi naongea. Nilimweleza habari za mke wangu. Nilimweleza kwamba binti yangu hajanialika Nakuru tangu mtoto wa pili azaliwe, na kwamba naogopa kuuliza kwa nini. Mambo ambayo sijawahi kumwambia mtu nilimwambia yule mama, kwa sauti kubwa, na hakusikia hata moja.

Mara moja nilimpelekea soda. Niliacha injini ikinguruma, nikashuka, nikampa chupa. Aliipokea kwa mikono miwili. Akasema maneno, sikuyasikia. Akanyoosha mkono kuonyesha upande wa mbali, upande wa ziwani. Akaonyesha tena. Nikaona kama anataka nimalize kule kwanza ili vumbi lisimfikie. Nikacheka, nikapiga kelele, "Ero kamano, Mama!" yaani asante. Nikarudi kwenye mashine.

Na kwa heshima yake nikaacha kile kipande chake mpaka mwisho kabisa. Hilo tu ndilo nililofanya sawa, na hata hilo nilifanya kwa sababu isiyo yenyewe.

Naendelea wakuu, nilikuwa naongeza maji kwenye radieta.

Wiki ya pili ikafika. Shamba lote limefunguka, unaona mpaka maji ya ziwa yaking'aa. Kilichobaki ni kile kipande chake na kumalizia kingo.

Asubuhi hiyo mama hakuja. Nilimwona Ochieng' akimwingiza kwenye gari, amevaa nguo za kutokea. Mtu wa jirani akaniambia kwa ishara, akishika mkono wake juu ya kiwiko kama anapimwa presha. Jioni pale senta wakanieleza: kliniki, Kisumu. Angelala kwa mwanawe.

Siku ile nilifanya kazi vibaya kuliko siku zote. Niligonga mtaro niliouchimba mwenyewe. Kila nikigeuza naangalia pale penye kimwinuko, hakuna kiti. Nilikuwa nimemjua kwa siku tisa tu, tena kumjua kwenyewe ndiko huko. Nikakaa juu ya mnyororo mchana na chapati yangu, nikashindwa kuimaliza.

Siku ya pili nikapata wazo. Nikaona mama wa watu anateseka pale, kiti kinayumba, majani yanamchoma miguu, na lile jiwe bapa analikanyaga kila akikaa. Nimtengenezee. Akirudi akute pako kama sebule.

Nikashusha blade.

Kile kimwinuko kilikuwa laini, kilienda chote kwa mara moja, na jiwe lake, na nyabende iliyokuwa pembeni. Nikakisukuma mpaka kwenye lundo. Nikakata mteremko ule kwa zaidi ya futi moja, mpaka chini ya udongo mweusi, mpaka kwenye ule wa manjano. Halafu nikaburuta blade kinyumenyume kulainisha. Halafu, wakuu, nikapita juu yake na minyororo, mbele na nyuma, mara sijui ngapi, kupashindilia.

Pakawa kama meza. Nikapiga picha nikamtumia binti yangu. Nikamwandikia, nimemtengenezea rafiki yangu mahali pa kukaa. Akanijibu kwa kidole gumba.

Mama alirudi siku iliyofuata, saa sita hivi. Nilimwona akitoka kwenye kijilango na kiti chake kichwani. Nikapunguza mwendo wa injini nisimtimulie vumbi. Nilikuwa natabasamu. Nilikuwa nimejipanga kabisa kupokea shukrani.

Akasimama. Akateremsha kiti. Akaangalia uzio nyuma yake, akaangalia mbele. Akatembea kidogo kushoto, akarudi, akaenda kulia. Akawa anazunguka ameinamisha kichwa kama mtu aliyedondosha sindano.

Halafu akapiga magoti na kuanza kupapasa udongo kwa viganja.

Nilishuka mbio. Nikamfikia, akaniangalia, mdomo wake unasema kitu, na mimi sisikii. Nikamwinamia, bado sisikii. Ile mashine inanguruma nyuma yangu kama kawaida yake.

Nikarudi nikaizima.

Wakuu, nilikuwa sijawahi kuizima mchana. Kimya kile kilinishtua. Nikasikia ndege. Nikasikia mtu anafua nguo kule bomani.

Na nikasikia mama akisema, "Iketo nyathina kanye?"

Umemweka wapi mtoto wangu.

Nilikaa chini pale pale. Akarudia, bila ukali wowote, kama mtu anayeuliza njia. Mtoto wangu. Umemweka wapi.

Nikamwambia, "Mama, Ochieng' alisema ni mbili tu."

"Ochieng' alikuwa mtoto wa kunyonya juzi," akasema. Tuliongea Kijaluo, nawawekea kwa Kiswahili. "Nilimwambia alipotaka kukata hii shamba. Akasema Mama, hiyo ni ya zamani, hata alama haiko. Alama ilikuwa macho yangu."

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Wewe ni mtu wa Ochieng'. Ungenisikia mimi ama yeye? Na nilikuambia, wuoda, mwanangu. Siku ya soda nilikuambia usifike hapa. Ukacheka."

Halafu akasema lile ambalo bado ninalo.

"Ndio nikawa nakuja na kiti. Nilijua hata kama hiyo kitu haina masikio, haitakanyaga mtu amekaa."

Siku tisa. Mimi nilikuwa nanyoa ndevu. Yeye alikuwa amekaa mbele ya mashine, mzee vile, juani, kuniziba njia. Kila nilipomkaribia nikitabasamu, moyo wake ulikuwa unamdunda. Nilichokiita urafiki kwake ilikuwa zamu ya ulinzi, na mtu aliyekuwa anamzuia asifike ni mimi.

Akaniuliza, "Utampata?"

Hapo sasa ndipo kazi yangu iliponisaidia kidogo. Nawaambia kitu ambacho kila mtu wa udongo anakijua. Ukichimba shimo ukalifukia, hata upite juu yake miaka arobaini, ule udongo haurudi vile ulivyokuwa. Mweusi wa juu na wa manjano wa chini umeshachanganyika. Huwezi kuuchambua tena. Blade yangu ilikuwa imekwangua mpaka kwenye ule wa manjano, kwa hiyo kama mtoto alikuwa pale, alama yake ilikuwa pale, chini ya takataka nilizoshindilia kwa minyororo.

Kilichoniogopesha ni kama nilikuwa nimekata kina kirefu mno. Nikaangalia lundo, nikatafuta kama kuna kitu. Hapakuwa na kitu, ni majani na mizizi. Nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Nikachukua beleshi. Nikapima hatua kutoka kwenye kijilango, nikamwuliza mama alikuwa anakuja akielekea wapi, akanionyesha. Nikaanza kukwangua. Si kuchimba, kukwangua, kama unatoa ukoko chini ya sufuria.

Simu ikaita. Ochieng'. Mtu alishamwambia mashine imezimwa.

"Boss, kwani nini mbaya? Watu wa pampu wanakuja Monday."

Nikamweleza.

"Ah, mathe na hiyo story! Boss, hiyo ni kitu ya kitambo. Mimi nilikuwa three years, hata sura yake sijui. Washa mashine umalize."

Nikamwambia mashine imekataa kuwaka, nasubiri fundi kutoka Kisumu. Nilikuwa nadanganya. Baadaye nilipojaribu kuiwasha ikakataa kweli.

Nilikwangua mchana wote. Mama alikataa kwenda ndani, alikaa kwenye kiti akishika magoti yake. Mahali pa kwanza hapakuwa na kitu. Pa pili nikaona weusi, nikafurahi, kumbe ni shimo la mchwa. Mgongo ulikuwa unawaka. Nikaanza kufikiria nitamwambia nini nikishindwa, na sikupata sentensi hata moja.

Kwenye saa kumi nikakumbuka kwamba udongo mkavu unaficha rangi. Nikachukua jerikani langu la maji ya radieta, nikamwaga taratibu pale nilipokuwa nimesafisha, kipande baada ya kipande.

Ikatokea.

Pembe moja kwanza. Mstari umenyooka kabisa, huku manjano, huku madoadoa meusi na manjano. Nikaufuata mstari kwa ncha ya beleshi, nikageuka nao, nikageuka tena. Ukawa mstatili. Mwembamba. Mfupi kuliko nilivyotegemea.

Mama alishuka kwenye kiti. Alikaa chini kando ya ule mstari, akanyoosha miguu, akaweka kiganja juu ya udongo uliolowa. Alikaa hivyo muda mrefu. Nilitaka kuondoka nimwache, lakini akaanza kuongea, nikasimama.

Akasema huyo ndiye mtoto wake wa kwanza. Aliugua wiki moja tu, akiwa na miaka kumi na tisa, na alikuwa ameshaanza kusuka mkeka wa kwenda nao kwa mume. Walipomzika nje, watu wakaacha kumwita yeye kwa jina la binti. Ochieng' ndiye aliyebaki, ikawa Min Ochieng', Min Ochieng', mpaka leo.

"An Min Atieno," akasema. Mimi ni mama yake Atieno.

Nikamwitikia hivyo. Nikasema, "Nisamehe, Min Atieno."

Hakusema amenisamehe. Aliitikia kwa kichwa tu polepole, nikaambulia hicho.

Ochieng' alikuja Jumamosi. Alishuka garini amekasirika, maneno yakiwa tayari mdomoni. Akafika pale, akaona ule mstatili kwenye udongo. Nilikuwa nimeuzungushia mawe. Mama yake alikuwa bomani. Alisimama, akavua kofia, akauliza, "Ni yeye huyu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Ni mdogo, eh?"

Halafu alienda mwenyewe na panga, na viatu vyake vya ofisi, akakata vijiti vya ojuok kwenye uzio wa boma akavipanda kuzunguka lile kaburi, kuanzia uzioni mpaka pale na kurudi. Kwa hiyo sasa uzio umetoka nje ukamchukua. Wazee wengine wa pale hawakupenda, nilisikia. Yeye akasema watazoea.

Lile jiwe bapa sikulipata. Nililitafuta kwenye lundo siku nzima ya Jumapili badala ya kupumzika. Mawe yalikuwa mengi na yote yalifanana. Nilimpelekea mama matatu, akayaangalia, akasema hapana, si hilo, lakini asante.

Fundi akaja Jumatatu, mashine ikawaka. Kulikuwa kumebaki kazi ya siku tatu.

Siku ya kwanza nilikuwa natazama kijilango. Nilijiambia presha inamsumbua. Siku ya pili nilimwona kwa mbali bomani akianika mboga, akitembea vizuri tu. Nikapunga mkono. Hakuwa anaangalia huku. Siku ya tatu nikamaliza, trela likaja, tukaondoka.

Hakuja tena na kiti. Hakuwa na sababu. Binti yake yuko salama, mashine haimtishi tena, na mimi sikuwahi kuwa sababu yake.

Nimefurahi kwa ajili yake, naapa. Naandika hili na bado nimefurahi. Lakini zile siku tatu, juu ya ile mashine, nilikuwa nalia kama mtoto, na uzuri wa kazi yangu ni kwamba hakuna anayeweza kusikia.

Nilichojifunza nawaachia operator wenzangu na wenye mashamba pia. Ukiuliza makaburi, usimwulize aliyekukodi peke yake. Mtafute mama wa boma, kaa naye chini, mwulize ya ndani ya uzio na ya nje ya uzio. Na mtu akija kukusemesha, zima injini. Stata itakusumbua, ndiyo. Acha ikusumbue. Sasa hivi nazima hata mara tatu kwa siku, na mzee wa Kisumu amelalamika mpaka amenunua stata nyingine.

Juzi nilimpigia binti yangu, badala ya kidole gumba. Nilijitahidi nisipayuke. Alisema, "Baba, mbona sauti yako ni ndogo hivi, unaumwa?"

Karibuni mseme lolote, hata mkinitukana nitasoma yote. Na kama kuna mwingine humu anayefanya kazi ya kukaa peke yake kutwa, walinzi, madereva wa masafa, wachunga mitambo, nauliza kwa dhati mnafanyaje. Kabla ya yule mama nilikuwa nimeshazoea kuwa peke yangu. Tangu nitoke Asembo nimejaribu kuzoea upya na nimeshindwa.